Valvu ya presha ya breki: usikubali itolewe ovyo

Mbio za magari ya zamani, East African Safari Classic, zimewahi mara kadhaa kuanzia na kumalizikia hapa Mombasa. Kila zikija, vijana wetu hujaa kando ya barabara kuzipiga picha Porsche 911, Ford Escort na Datsun 240Z. Zikiisha zatuachia hamu. Watu waanza kuulizana ni nani ana Datsun iliyolala uani chini ya mwembe, na anaiuza kwa bei gani. Baadhi ya magari hayo hufufuliwa kweli. Injini yatengenezwa, bodi yapigwa rangi, viti vyashonwa upya. Breki nazo hupewa pedi mpya na mafuta mapya, na kazi ikahesabiwa imekwisha. Katika ufufuzi huo kuna kipande kimoja kidogo kinachoonewa kuliko vyote, nacho ni valvu ya presha ya breki za nyuma.

Kipande hiki ni cha chuma au shaba, chaenea kwenye kiganja, kina paipu mbili au tatu zilizoingia ndani yake. Kikiharibika, fundi hukutazama usoni akakwambia: "Hii haina kazi, tuitoe tuunganishe paipu moja kwa moja, gari litashika breki zaidi." Na siku ya kwanza gari litashika zaidi kweli. Hapo ndipo hatari ilipo, na ndiyo sababu ya makala haya. Ninaandika kwa mwenye 240Z, lakini nina haja pia na mwenye Hiace na Hilux, ambao ni wengi zaidi na ushauri wanaopewa ni huo huo.

Tuanze na jambo ambalo kila mtu amelionja. Dereva wa matatu akikanyaga breki ghafla, abiria wote huinama mbele. Gari nalo huinama. Uzito wahama kutoka nyuma kwenda mbele, magurudumu ya mbele yakandamizwa na ya nyuma yawa mepesi. Wenye pikipiki wanalijua hili vizuri zaidi, kwani wao tairi la nyuma karibu linainuka kabisa. Sasa gurudumu lililokandamizwa lashika barabara imara na lahitaji nguvu nyingi ya breki, ilhali lililopunguziwa uzito laweza kufunga kwa nguvu kidogo tu, likaacha kuzunguka na kuanza kuburuzika.

Magurudumu ya mbele yakifunga kwanza, usukani hausikii, lakini gari laendelea kuelekea mbele, na ukiachia pedeli kidogo usukani warudi. Ni hatari unayoweza kupambana nayo. Ya nyuma yakifunga kwanza, hadithi ni nyingine. Tairi lisilozunguka haliwezi kuzuia gari lisiteleze ubavu, kwa hivyo mkia hutafuta njia ya kuipita pua. Gari lajikuta limekaa kingamo barabarani, au limegeuka lilikotoka, kabla dereva hajajua la kufanya. Kwenye gari fupi na jepesi la michezo jambo hili hutokea upesi zaidi, na anayekuja mbele yako na lori la mchanga hana nafasi ya kukukwepa.

Kwa hiyo waundaji wa magari waliweka valvu kwenye njia ya mafuta yanayokwenda nyuma. Kazi yake ni kuachia presha ipite sawasawa mbele na nyuma ukikanyaga kidogo, na ukikanyaga sana kuikata ya nyuma isipande kwa kasi ile ile. Ndani mna pistoni yenye vichwa viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, inayoshikiliwa na springi ili njia ibaki wazi. Presha ikifika kiwango fulani, nguvu iliyo kwenye kichwa kikubwa yaishinda springi, pistoni yasogea na njia yafungwa. Dereva akizidi kukanyaga, presha ya masta silinda yaisukuma tena pistoni, njia yafunguka kidogo, mafuta kidogo yapita, kisha yafungwa tena. Hakuna umeme wala kompyuta. Ukubwa wa vichwa viwili na ukali wa springi ndivyo vinavyoamua yote.

Hesabu yasaidia. Tuchukue valvu ya mfano inayoanza kukata kwenye bar 30, na baada ya hapo yaruhusu sehemu 4 tu katika kila 10. Ukikanyaga taratibu ukatoa bar 20, mbele yaenda 20 na nyuma 20. Ukikanyaga kwa nguvu mpaka bar 60, mbele yapata 60, na nyuma yapata 30 pamoja na 12, yaani 42. Kwenye bar 80, nyuma yapata 50. Sasa itoe valvu hiyo, uunganishe paipu moja kwa moja: ile breki ya bar 80, ambayo hukanyagwa tu mtoto anapokatiza barabara, yapeleka 80 zote kwenye magurudumu ambayo wakati huo huo yamebaki bila uzito. Ndiyo maana gari lisilo na valvu laweza kwenda miezi mitatu bila tatizo lolote. Katika breki za kila siku, zile za bar 15 na 20, valvu huwa haifanyi kitu. Dereva hajui kwamba ameitoa mpaka siku atakapoihitaji.

Datsun 240Z yafaa kuwa somo letu kwa sababu ina historia na nchi hii. Gari hilo lilitolewa Japani mwaka 1969, lenye injini ya silinda sita ya lita 2.4. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda nalo Safari Rally, na mwaka 1973 Shekhar Mehta akashinda nalo baada ya kufungana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 180B, ikabidi wapambanuliwe kwa kuangalia ni nani alikwenda mbali zaidi bila adhabu. Breki zake ni diski mbele na ngoma nyuma. Injini yake ni ndefu na nzito, imekaa mbele, na nyuma hakuna kizito isipokuwa tangi na tairi la akiba. Gari kama hilo halina msamaha kwa breki za nyuma zilizozidi nguvu.

Kwenye njia zake za breki kuna vitu viwili vinavyofanana kwa sura, na hapa mafundi wengi huchanganyikiwa. Cha kwanza ni swichi ya tahadhari. Kanuni za usalama za Marekani zilizoanza mwaka 1968 zilitaka breki za gari zigawanywe njia mbili, ili moja ikipasuka nyingine ibaki, na dereva aonyeshwe taa. Swichi hiyo ina pistoni ndogo iliyokaa katikati ya njia mbili. Presha ikiwa sawa pande zote, pistoni haiendi popote. Upande mmoja ukivuja, yasukumwa kuelekea upande dhaifu na taa yawaka. Haigawi presha wala haipunguzi chochote, na wanaosema kwamba yafunga njia inayovuja wanaipa sifa isiyokuwa yake.

Cha pili ndicho valvu yenyewe ya kukata presha ya nyuma. Katika 240Z za mwanzo ilifungwa huko nyuma karibu na difu, na katika za baadaye ikahamishiwa mbele chini ya boneti. Fundi anayetazama boneti ya gari la mwanzo ataiona swichi tu, adhani ndiyo valvu, atoe ripoti kwamba "valvu ni nzima", kumbe yenyewe imejifia chini ya gari kwenye matope. Kabla ya kugusa spana, fuata paipu kwa kidole kutoka masta silinda mpaka gurudumu la nyuma, ujue umeshika kitu gani.

Kwa nini valvu hizi hufa sana huku kwetu? Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani, na hewa ya Pwani haikosi maji, iwe kusi au kaskazi. Isitoshe, mafuta ya breki hayazunguki kama ya injini. Yakiingia kwenye valvu hukaa hapo hapo miaka na miaka, yakisogea kiasi kidogo mno kila pedeli inapokanyagwa. Maji hayo hukaa na chuma. Kuta za ndani zachimbika vijishimo vya kutu, raba zawa ngumu kama ngozi ya ngoma, pistoni yakwama. Gari likilala miaka kumi, hesabu valvu kuwa ni mbovu mpaka ithibitike vingine.

Maji hayo yana madhara mengine pia. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, na iliyokwisha kunywa maji kiwango chake cha chini ni nyuzi 140 tu. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji. Ukiteremka kutoka Kwale mjini kuja Kombani huku umeegemea breki, tofauti hiyo yaweza kuwa ndiyo tofauti ya kuwa na pedeli na kutokuwa nayo. Kubadilisha mafuta kila baada ya miaka miwili ni gharama ndogo, na hapa Pwani mimi ningesema hata mwaka mmoja na nusu.

Sasa dalili. Valvu iliyokwama wazi hufanya nyuma ifunge mapema kwenye breki kali. Iliyokwama imefungwa huifanya nyuma isishike kabisa, pedi za mbele zikaisha upesi na gari likawa laenda mbali kabla ya kusimama. Nyingine huvuja kupitia kitundu kidogo cha mwilini mwake au kwenye viungo. Lakini usikimbilie kuilaumu. Nyuma inayofunga mapema yaweza kuwa ni oili ya ekseli iliyoingia kwenye ngoma, silinda ya gurudumu inayovuja, breki shuu zilizorekebishwa vibaya, au kalipa za mbele zilizoganda kwa kutu hata mbele ikawa haifanyi kazi yake. Hilo la mwisho husahaulika sana. Mtu huona nyuma yafunga, hushughulika na nyuma, na mgonjwa yuko mbele.

Kipimo cha uhakika ni geji mbili za presha zinazoweza kufika bar 150 hivi, zenye kiungo cha kufunga mahali pa nati ya kutolea hewa. Moja hufungwa gurudumu la mbele, nyingine la nyuma. Hewa yatolewa, kisha mtu akanyaga pedeli polepole huku mwingine akiandika: mbele 10, nyuma 10, mbele 20, nyuma 20. Zikienda sawa na baadaye nyuma ikaanza kubaki nyuma taratibu, valvu yafanya kazi, na namba zake zalinganishwa na kitabu cha gari. Zikienda sawa mpaka juu kabisa, imekwama wazi. Nyuma ikibaki sufuri au ikapanda kidogo sana tangu mwanzo, njia imeziba. Geji hizi si ghali kulinganisha na rangi ya gari, na gereji moja ikiwa nazo zaweza kuwatumikia wenye magari wa mtaa mzima. Ajabu ni kwamba ni gereji chache zilizo nazo, ilhali kila moja ina mashine ya kuchaji betri.

Ukishajua ni mbovu, je, itengenezwe au ibadilishwe? Rai yangu ni hii: swichi ya tahadhari yaweza kutengenezwa, valvu ya kukata presha ibadilishwe.

Swichi za magari ya Kiingereza, kwa mfano ya Triumph TR6, hufunguka kwa urahisi, na pakiti za raba zake bado zauzwa na wanaouza vipuri vya magari hayo. Toa nati ya mwisho, sukuma pistoni itoke kwa hewa ndogo ukiwa umeifunika na kitambaa, safisha kwa mafuta mapya ya breki au spiriti. Petroli, dizeli na oili ya injini zisisogee karibu. Raba za breki zikiguswa na mafuta hayo huvimba na kuoza. Tazama ukuta wa ndani kwa tochi. Ukiwa laini, tia raba mpya zilizopakwa mafuta ya breki na urudishe. Ukiwa na vijishimo, usiupige msasa, kwa sababu ukipanuka hata kidogo raba haishiki tena. Kitupe, tafuta kingine.

Kuna hila moja ya swichi hizo za Triumph inayowasumbua watu. Baada ya kutoa hewa kwenye breki, taa hubaki imewaka ingawa kila kitu ni kizima, kwa sababu pistoni imesukumwa upande na haina springi ya kuirudisha. Dawa yake ni kufungua kidogo nati ya kutolea hewa ya ile njia ambayo haikuwa na hitilafu, kisha kukanyaga pedeli taratibu sana mpaka taa izime, na papo hapo kufunga nati. Ukikanyaga kwa pupa, pistoni yapita katikati yaenda upande wa pili, na kazi yaanza upya. Wapo waliokata waya wa taa kwa kuchoka na jambo hili. Waya huo ndio pekee ungewaambia kwamba wamebaki na nusu ya breki.

Valvu ya kukata presha ni kesi nyingine. Watengenezaji wengi huiuza ikiwa kitu kizima na hawataki ifunguliwe, na sababu ipo: springi yake imepimwa, na ukiifungua huna mashine ya kuipima tena. Mtu aweza kutia raba mpya, ikaacha kuvuja, kumbe sasa yakata kwenye bar 45 badala ya 30, na hakuna atakayejua. Ukilazimika kuifungua kwa kuwa haipatikani kabisa, basi ipite kwenye zile geji mbili kabla ya gari kutoka gereji. Ya mtumba kutoka gari lililovunjwa sikushauri. Ina umri ule ule na kutu ile ile.

Tena valvu hazilingani. Ile ya gari jingine inayoingia vizuri kwenye paipu zako haimaanishi yafaa. Baadhi ya valvu za Porsche zimeandikwa namba mwilini, kama 33 au 55, ambayo ni bar za kuanzia kukata. Kati ya 33 na 55 kuna tofauti kubwa kwa gari lenye uzito mwingine na tairi nyingine. Nunua kwa namba ya kipuri, usinunue kwa sura.

Na kuna mtego wa thredi. Nati za paipu za magari ya Kijapani ya aina hii ni milimita 10 zenye hatua ya milimita 1. Za magari mengi ya Kiingereza ni inchi 3/8 zenye meno 24 kwa inchi, ambazo ni milimita 9.5 hivi. Macho hayaoni tofauti. Nati ya Kiingereza yaingia kwenye tundu la Kijapani, yakaza kidogo, yaonekana imeshika, na siku ya breki kali yang'oka. Jaribu kila nati kwa vidole: iingie yote bila spana na bila kuchezacheza. Mdomo wa paipu nao una aina zake, uliokunjwa mara mbili na uliovimba kama kitunguu, na mmoja hauzibi mahali pa mwenzake hata ukikaza vipi.

Paipu zenyewe zikiwa zimeliwa na kutu, usirudishe za chuma kitupu huku kwetu. Za shaba iliyochanganywa na nikeli zavumilia chumvi na hukunjika kwa mkono. Kwa kufungulia za zamani, tumia spana ya paipu inayozunguka nati karibu yote, maana spana ya kawaida huila nati pembe zake, na baada ya hapo ni koleo na matusi.

Ukimaliza kufunga, toa hewa ukianzia gurudumu la mbali zaidi na masta silinda, isipokuwa kitabu cha gari kimesema vingine. Kwa magari yetu yenye usukani kulia, la mbali huwa ni la nyuma kushoto. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe kwenye kopo la masta silinda hata yakionekana safi, na mkebe uliofunguliwa muda mrefu usiutumie. Umekwisha kunywa maji ya hewa ukiwa rafuni.

Wengi wenye magari ya michezo, hasa waliobadilisha breki za ngoma za nyuma wakatia diski, hupenda valvu ya kurekebisha kwa mkono. Ina kifundo cha kuzungusha, nayo yakuwezesha kuchagua kiwango cha kukata. Ni kitu kizuri mkononi mwa anayeielewa. Irekebishe kwenye lami kavu, mahali pasipo na watu, ukianza na breki ndogo kabisa ya nyuma, na kuongeza kidogo kidogo huku mtu akitazama kutoka mbali ni magurudumu gani yafunga kwanza. Ya mbele lazima yatangulie. Anayeirekebisha siku ya mvua au kwenye mchanga hujidanganya, kwani kwenye utelezi gari halisimami kwa ukali, uzito hauhami sana, na nyuma huonekana yaweza kubeba breki nyingi. Siku ya lami kavu atakapokanyaga kwa nguvu, uzito utahama wote na mkia utamtangulia.

Kwa hivyo ukinunua gari lililotoka kwenye rally, valvu ndiyo ya kwanza kuitazama. Dereva wa mashindano hutaka breki nyingi za nyuma kwenye murram, kwa sababu yeye huutaka mkia uteleze ili auingize kwenye kona. Yale aliyoyataka yeye Taita hutayataka wewe kwenye barabara ya Malindi ukiwa na watoto nyuma.

Tugeukie sasa Hiace na Hilux. Nyingi katika hizi, hasa zisizo na ABS, zina valvu ya aina yake iliyofungwa chini ya bodi, na mkono wa chuma ulioungana na ekseli ya nyuma. Gari likiwa tupu, bodi iko juu, mkono umekaa mahali fulani, na valvu hukata presha ya nyuma mapema. Likijaa abiria au magunia ya nazi, bodi yashuka, mkono wasogea, na valvu huruhusu presha zaidi kwa kuwa sasa nyuma ina uzito wa kuibeba. Ni werevu mkubwa kwa kifaa kisicho na hata waya mmoja.

Wenye magari wa kwetu huongeza majani ya springi ili gari libebe zaidi. Likishabeba, bodi haishuki kama zamani. Mkono haujui habari ya springi mpya. Hupima urefu tu, na urefu wauambia gari ni tupu. Basi gari lenye tani ya mzigo lapata breki za nyuma za gari tupu. Mbele yafanya kazi yote, pedi zachomeka, dereva alalamika. Fundi naye hupata suluhisho: aufunga mkono kwa waya juu kabisa, au aitoa valvu. Sasa likiwa na mzigo lashika vizuri, na dereva amshukuru. Jioni lashusha mzigo Kongowea, larudi tupu, mvua ya masika imeanza na lami imetoka mafuta. Nyuma haina uzito, presha yote yaenda nyuma.

Mashine ya ukaguzi ya roli haitalinasa kosa hili kwa urahisi, kwa sababu gari husimama mahali pamoja na uzito hauhami. Huenda hata breki za nyuma zikaonekana nzuri kuliko za jirani. Njia ni kulala chini ya gari na kuangalia kwa macho. Je, mkono upo? Wacheza, au umeganda kwa kutu? Umefungwa waya? Springi zikiwa zimeongezwa, mkono huo wahitaji kurekebishwa upya kwa kipimo cha kitabu na kuthibitishwa kwa geji, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo. Kazi yenyewe ni ya nusu siku.

Gari likishatengenezwa, liwe Datsun au Hiace, siku ya kwanza liendeshe polepole, mwendo wa 30, ukisimama mara kumi hivi kwa nguvu tofauti. Rudi nyumbani, egesha juu ya boksi kavu lililokunjuliwa, lale hapo usiku kucha. Asubuhi tazama boksi kabla hujatazama gari: tone moja chini ya kiungo latosha kukurudisha gereji. Baada ya wiki moja kaza nati zote tena kwa spana ile ile ya paipu, na uangalie kiwango cha mafuta kwenye kopo kama kimebaki pale ulipokiacha.